Baraza la Mawe na Baraza la Manispaa

Katika mji wa Unguja neno baraza lina makazi mawili. La kwanza ni lile kalio la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa nyumba, ambalo wapita njia hulikalia baada ya Alasiri, muuza kahawa akalizunguka na vikombe vyake, na habari za mji zikapimwa hapo kabla ya kuaminiwa. La pili ni Baraza la Manispaa, lenye madiwani, mihuri, magari na bajeti. Lugha haikukosea kuwapa pacha hao jina moja. Chombo cha pili kilitarajiwa kuwa na tabia ya cha kwanza: watu wakae kwa kimo kimoja, asemaye asikizwe, na akishasema ajibiwe. Jina likachukuliwa, tabia ikaachwa mlangoni.

Hayo yanadhihirika zaidi pale inapotangazwa kuwa barabara itapanuliwa, bustani itatengenezwa upya, au njia itafungwa kwa magari ili waendao kwa miguu na kwa baiskeli wapate nafasi. Hapo ndipo huitishwa kile kinachoitwa mkutano wa kupokea maoni ya wananchi. Anayeujua mkutano mmoja wa aina hiyo, uwe wa Unguja, wa Mombasa au wa Dar es Salaam, ameijua mikutano yote. Sheha hupewa taarifa siku mbili kabla. Naye huwaalika anaowajua, na anaowajua ni wale wale walioalikwa katika uzinduzi wa mtaro mwaka uliopita. Ukumbini kuna picha kubwa ya rangi: barabara pana, miti ambayo haijaota popote kisiwani, na watu wembamba waliochorwa na kompyuta wakitembea bila jua kuwachoma. Mtaalamu husema kwa saa nzima. Mgeni rasmi husema kwa nusu saa. Zinabaki dakika ishirini za maswali, na anayenyanyua mkono huombwa afupishe. Kisha hupigwa picha ya pamoja, hutolewa maji ya chupa na posho ya nauli, na kila aliyepokea posho hutia saini.

Saini hiyo ndiyo kiini cha shauri. Mtu ametia saini kwamba amepokea fedha ya nauli. Katika ripoti itakayoandikwa baadaye, karatasi ile ile huambatishwa nyuma kama ushahidi kuwa wananchi walishirikishwa na wakaridhia. Ni muujiza wa uandishi ambao malenga hawajaufikia: hati moja isomwe risiti asubuhi, na jioni isomwe ridhaa.

Mikutano hiyo aghalabu hufunguliwa kwa methali, na methali yenyewe ni moja: penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuitunga ili itumike kama zulia la kumpokelea mgeni rasmi. Walikusudia wengi wanaosema, si wengi wanaohesabiwa. Kichwa kilichohesabiwa bila ulimi wake kusikizwa ni kichwa cha mbuzi mnadani.

Lakini maovu ya mkutano si makubwa kama maovu ya lugha yake. Wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa lugha, na inawapasa walitazame neno wadau kwa jicho kali. Zamani mji ulikuwa na wenyeji, wageni, majirani, wachuuzi, mahamali, wavuvi, walimu wa chuoni, mabibi wa kupika maandazi alfajiri. Kila jina lilibeba kazi ya mtu na njia anayoipita. Leo wote hao wamekunjwa katika neno moja, wadau, ambamo mwenye hoteli ya vyumba hamsini na mwanamke anayepanga bilauri za maji ya ndimu ukingoni mwa njia huwa sawa, kana kwamba njia ikihamishwa wote wawili watapata hasara ya namna moja. Neno hilo halikuja kuwaunganisha watu. Limekuja kuficha kwamba mmoja ana wakili na mwingine hana. Na chini ya neno hilo kuna waraka wenyewe, wenye michoro na majedwali, ulioandikwa Kiingereza tangu jalada hadi kiambatisho cha mwisho, ukaletwa mbele ya watu ambao Kiswahili chao ndicho kilichosanifiwa kikawa lugha ya Afrika Mashariki nzima. Bibi wa Kikwajuni hukabidhiwa muhtasari wa ukurasa mmoja na kuulizwa kama anapenda mabenchi ya mbao au ya saruji. Kuhusu barabara itapita wapi, haulizwi. Hilo limeshaamuliwa katika lugha nyingine.

Wapo wanaodhani kuwa ubaya huu ni wa leo. Mji huu umepangwa mara nyingi, na kila mara umepangwa na mtu aliyefika kwa chombo. Lanchester aliandika ripoti yake ya mipango ya mji mwaka 1923, chini ya Waingereza. Waingereza hao hao wakaleta mpango mwingine mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi walikuja Wajerumani wa Mashariki na mpango wa mwaka 1968, na Wachina na wao wakachora wao mwaka 1982. Ile Pwani Ndogo iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ilifukiwa kidogo kidogo, maji yakawa barabara, na daraja likabaki katika jina la Darajani tu. Nyumba za udongo na makuti zikabomolewa ili majumba marefu ya Michenzani yanyooshwe kwa rula. Huenda mengine katika hayo yalikuwa na heri. Waliopata maji ya bomba na umeme katika fleti za Michenzani wana haki ya kuyasifu. Hata hivyo, katika mipango yote minne Ng'ambo ilikuwa ni jina la mahali panapotazamwa kutoka upande wa pili. Hata jina lake linasema hivyo.

Wala watu wa Ng'ambo hawakuwa mabubu. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya viwanja, na hakuna aliyewaitia mkutano wa maoni. Miaka hiyo hiyo Siti binti Saad, aliyekuwa akiishi Ng'ambo, aliimba mambo ya mji na ya mahakama zake kwa Kiswahili ambacho kila mpishi na kila hamali alikielewa, na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima. Serikali ilikuwa na waraka, Ng'ambo ikawa na taarabu. Anayetaka kujua leo watu wa wakati ule walikuwa na maoni gani kuhusu mji wao, atayapata zaidi katika nyimbo kuliko katika majalada.

Hapa ndipo mshairi ana neno la kumwambia mpangaji wa miji, na si neno la mapambo. Pwani hii ina kanuni ya kale ya majadiliano ya hadharani, nayo ni malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana na washairi wa Lamu katika siku za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, na ushindani wao ulikuwa wa siasa, wala haukuwa mchezo. Katika malumbano, anayejibu hufungwa na alichoambiwa. Aghalabu huvichukua vina vya mwenzake, hulirudia neno lake zito zaidi, kisha hulipindua au hulikubali. Awezaye kujibu bila kusikia hayupo, kwa kuwa umbo lenyewe la jibu linamuumbua: jamii yote husoma na kuona kuwa hoja ya tatu ameirukia. Kwa watu wa pwani, basi, kusikiliza kulikuwa na ushahidi wa wazi, nao ni jibu. Mtu akidai amesikia na jibu lake halionekani, hajasikia.

Kaluta Amri Abedi, aliyezipanga sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, ndiye aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Wapo wanaolitaja jambo hilo kama kichekesho cha historia, kana kwamba mizani na mitaro havina udugu. Bali udugu upo. Ajuaye kuwa shairi lenye mizani pungufu halitapita mbele ya wenzake, hawezi kushangaa akiambiwa kuwa mpango wenye majibu pungufu usipite mbele ya wakazi.

Watetezi wa utaratibu wa sasa wana hoja, na haifai kuzipuuza. Huanza na Forodhani. Husema: tazameni bustani ile. Ilifunguliwa kwa jubilei ya Sultan Khalifa mwaka 1936, ikachakaa kwa miongo, majani yakakauka, ukuta wa bahari ukaliwa na chumvi. Amana ya Aga Khan ya Utamaduni ikaifanyia matengenezo, ikafunguliwa upya mwezi wa Julai 2009, na leo kila jioni imejaa watu. Nani analalamika? Na kweli, asiyeipenda Forodhani jua linapozama huenda ana ugomvi na dunia nzima. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, wapishi wamejipanga na makoti meupe na kofia ndefu, moshi wa mishikaki unapanda, urojo unachotwa. Lakini hoja hiyo inathibitisha jambo jingine kabisa. Inathibitisha kuwa mafundi walikuwa hodari na fedha ilitosha. Bustani nzuri inaweza kutolewa na sultani, na yule wa mwaka 1936 alitoa. Kinachobishaniwa ni nani mwenye neno mji unapobadilishwa, na ladha ya urojo haiwezi kulijibu swali hilo. Anayesema kuwa matokeo mema yanafuta haja ya kuuliza, ajiandae kukubali pia kuwa matokeo mabaya hayana wa kulaumiwa.

Kisha husema: tukimsikiliza kila mtu hakitajengwa kitu. Hii ni hoja nzito zaidi, na ukweli wake hauko Unguja peke yake. Katika miji mingi, njia inapotaka kufungwa kwa magari, wanaojaza ukumbi ni wenye magari na wenye maduka, kwa kuwa wana nafasi na wana wasiwasi. Mtoto anayevuka barabara ya Benjamin Mkapa kwenda skuli hana kadi ya mwaliko. Mfanyakazi anayetoka Fuoni kwa baiskeli alfajiri, lori likimsukuma ukingoni mwa lami, saa ya mkutano yuko kazini. Mzee mwenye mguu mbovu, ambaye kwake kifuniko cha mtaro kilichopasuka ni mpaka wa dunia, hafiki ukumbini kwa sababu ya mtaro huo huo. Wakihesabiwa waliohudhuria, njia itabaki ya magari milele. Ni kweli. Ila anayetoa hoja hii anadhani kuuliza ni kupiga kura. Kura huhesabiwa, maoni hupimwa. Baraza linaweza kuwakatalia wenye maduka mia na kumkubalia mtoto mmoja, mradi liseme wazi kwa nini, na mia wale walisome jibu lao kwa jina la hoja yao.

Mwanazuoni wa Marekani Sherry Arnstein aliandika mwaka 1969 makala mashuhuri iliyoufananisha ushirikishwaji na ngazi ya vipandio vinane. Chini kabisa aliweka ulaghai, juu kabisa mamlaka ya wananchi. Kupokea maoni alikuweka kwenye kipandio cha nne, katika kundi la mambo yanayofanywa ili yaonekane yamefanywa. Zaidi ya nusu karne imepita na mabaraza mengi ya mwambao yamekaa kwenye kipandio hicho, yakipunga mkono kama waliofika paa.

Na haifai kusemwa kuwa hii ni anasa ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba Uingereza, iliyoachia visiwa hivi sheria nyingi, kwake ilijiwekea masharti baada ya kesi ya mwaka 1985 dhidi ya baraza la Brent, iliyohusu kufungwa kwa skuli: watu waulizwe wakati shauri bado bichi, wapewe sababu za kutosha, wapewe muda wa kutosha, na maoni yao yazingatiwe kwa dhati kabla ya uamuzi. Mahakama ya Juu ya huko ikayatia nguvu mwaka 2014. Hata hivyo masharti kuwepo si masharti kufuatwa. Mwezi wa Mei 2025 mahakama jijini London iliamua kuwa baraza la Lambeth lilivunja sheria lilipopunguza magari katika mitaa ya West Dulwich, kwa sababu wakazi walikuwa wamewasilisha andiko la kurasa 53 na baraza halikulizingatia. Nia ya baraza huenda ilikuwa njema. Magari machache ni afueni kwa waendao kwa miguu. Lakini kurasa 53 hazikujibiwa, na nia njema ikaanguka.

Karibu zaidi na nyumbani ni Lamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi, katika Ibara ya 10, kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na miongoni mwa sababu ni kuwa mikutano iliyotajwa kama ushirikishwaji ilifanyika kabla ya utafiti wenyewe kukamilika, watu wakiwa hawajapewa cha kukitolea maoni. Mtambo si bustani, bila shaka. Lakini kosa ni lile lile: kuwakusanya watu kabla hawajawa na la kusema, kisha kuandika kuwa walikuja.

Unguja yenyewe ina mfano ulio afadhali. Mradi wa kupanga upya Ng'ambo, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa idara ya mipango miji ya Zanzibar na wataalamu wa Uholanzi, ulipewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Sarufi ya jina hilo inastahili kutazamwa: kuna nafsi ya kwanza wingi, kuna kutaka, na kuna kirejeshi kinachomrudishia mwenye kutaka kile akitakacho. Wakusanyaji waliingia mitaani wakarekodi mabaraza, majumba ya sinema ya zamani, miti ya kivuli, majina ya mitaa na asili yake, mambo ambayo mipango minne ya awali iliyaona kuwa ni uwanja mtupu. Matunda yake yalichapishwa kama atlasi mwaka 2019. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini kuandika anachokijua mtu ni jambo moja, na kumpa uwezo wa kukataa ni jingine. Na jina lenye nafsi ya kwanza wingi ni deni ambalo halijalipwa kwa kuchapisha kitabu.

Isidhaniwe pia kuwa dawa ni kulirudia baraza la mawe kama lilivyo. Wanaolitukuza, na washairi ndio wa mbele, husahau nani amekaa pale. Aghalabu ni wanaume. Mwanamke hupita mbele yake akiwa na kikapu na hajibu salamu kwa hoja. Yake husemwa uani, kwenye foleni ya maji, katika kikoba cha akiba, katika shughuli ya harusi. Na ndiye anayejua kichochoro kipi hakina taa na pikipiki gani hupita hapo usiku bila kupunguza mwendo. Mkutano unaoitwa saa kumi na moja jioni ya Ramadhani, futari ikiwa mekoni, umeshamfukuza kabla haujaanza. Tena wenyeji wana lawama yao. Wengi hunyamaza ukumbini, hupokea nauli, kisha hurudi barazani kumchamba mtaalamu kwa ufasaha ambao ukumbini haukuonekana. Kejeli iliyosemwa baada ya saini ni burudani ya walioshindwa.

Linalodaiwa si kubwa. Watu waulizwe kabla mchoro haujatiwa rangi, waraka mzima uwe kwa Kiswahili, na watu watembezwe katika njia yenyewe, mchana na usiku, badala ya kuoneshwa picha yake katika ukumbi wenye kiyoyozi. Juu ya yote, kila hoja iliyotolewa iandikwe na ijibiwe kwa maandishi, mstari kwa mstari, kama malenga anavyomjibu malenga: hili limekubaliwa, hili limekataliwa na sababu yake ni hii. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya sheha na mlangoni mwa soko, ikae mwezi mzima kabla jembe la kwanza halijapiga ardhi. Atakayesema kuwa fedha ya karatasi na gundi haipo, atazame ule ubao wa bati ulioinuliwa penye kila ujenzi mjini, wenye nembo za wafadhili, jina la mkandarasi na picha ya barabara isiyo na mtu hata mmoja.